Vidole vya Mama Sabuni

Kazini wananiita Mama Sabuni, lakini nikiwa nimewapa mgongo tu. Nikigeuka ni "madamu". Mimi ndiye msimamizi wa dobi la hoteli kubwa katika nchi ambayo si yangu. Nina diploma ya usimamizi wa hoteli, imetundikwa ukutani juu ya pasi ya mvuke, na hakuna shati linalorudi kwa mgeni kabla sijasugua kola yake kwa kidole changu mwenyewe. Wenzangu huvaa glavu. Mimi niliona glavu ni za watu wanaoogopa kazi.

Viza yangu ya kazi ikikaribia kuisha, sheria ya pale inataka nitoke nje ya mpaka, niende ubalozi wao katika nchi jirani, niombe upya huko huko. Ukishatoka umetoka, bila viza mpya hurudi. Safari hiyo nilitumwa pamoja na mtunza stoo wetu, mgeni kama mimi, mtu anayepanga taulo kana kwamba anazibembeleza zilale. Sote tunamwita Bwana Stoo. Ni mpole, ni mnene, na hana haraka na jambo lolote isipokuwa chakula.

Kabla ya safari afisa utumishi alituita. Ubalozi, alisema, umeleta mashine mpya ya kusoma alama za vidole. Tupumzishe mikono, tupake mafuta, tusiguse dawa za kufulia. Bwana Stoo alitoka pale akaenda kuvaa glavu nyeupe za pamba.

"Hongera," nikamwambia mbele ya wasichana wa pasi. "Harusi lini?"

"Dada, si tumeambiwa tupumzishe mikono?"

"Yako ipumzike kutoka wapi? Imeshawahi kuchoka?"

Wasichana walicheka mpaka foronya moja ikaungua. Mimi nikarudi kwenye madoa yangu. Hadi dakika ya mwisho nilikuwa natoa grisi kwenye ovaroli ya fundi wa jenereta, mikono mitupu, kwa dawa ambayo chupa yake ina picha ya fuvu.

Binti yangu wa miaka kumi na mmoja nilimwacha kwa jirani yetu msusi. Tunaishi wawili tu, mimi na yeye. Baba yake yupo, ila yupo kwingine. Nilimwachia maagizo ya kutosha kuendesha kambi ya jeshi.

"Unarudi Jumamosi, sivyo?" akaniuliza.

"Mimi nikisema Jumamosi, ni Jumamosi."

Jumatatu asubuhi tulikuwa ubalozini. Bwana Stoo alitangulia dirishani, akaweka vidole vyake vya mtoto mchanga juu ya kioo. Taa ya kijani ikawaka papo hapo.

"Safi kabisa, baba," akasema binti wa dirishani. "Vinasomeka kama gazeti."

Nikaweka vyangu. Taa nyekundu.

"Bonyeza kidogo, mama."

Nikabonyeza. Nyekundu.

"Sasa umebonyeza kama unakanda unga. Hebu nivione."

Akavishika, akavigeuza, akamwita mwenzake, naye akavigeuza. Nilijiona kama samaki anayekaguliwa sokoni.

"Mama, hivi vidole havina kitu."

"Havina kitu vipi? Vinanisomeshea mtoto!"

"Alama zimefutika. Unafanya kazi gani?"

"Msimamizi."

Nyuma yangu Bwana Stoo akakohoa.

"Msimamizi wa dobi," nikaongeza.

Binti alinieleza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Mwombaji hupewa nafasi tatu. Moja nimeshaitumia. Ya tatu ikigoma, faili linafungwa, na maombi yanaanza upya kutoka nchi niliyozaliwa. Hilo ni suala la miezi.

"Kapake mafuta, mama. Usiguse sabuni. Usifanye kazi yoyote. Njoo Jumatano."

Nikatoka nje nikasimama juani. Miezi. Nikajaribu kumwona mwanangu akiishi kwa msusi kwa miezi, nikimkuta ana nywele za rangi tatu. Nilijifanya kwamba ni hizo nywele ndizo zinazonitia hofu.

Nyumba ya wageni tuliyofikia haikuwa mbaya. Kitanda kilikuwa kitanda na mlango ulifungika. Lakini sinki la bafu langu lilikuwa na duara la njano, limezunguka tundu la maji kama jicho la mgonjwa. Jumanne nzima nilikaa kitandani, mikono inang'aa mafuta, nikilitazama. Nalo likanitazama.

Mchana nikajiambia nitapitisha kitambaa tu. Kitambaa kikahitaji sabuni kidogo. Sinki lilipotakata, likavifedhehesha vigae. Ilipofika jioni nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, nina klorini niliyoiazima kwa mhudumu, naimba.

Jumatano taa ilikuwa nyekundu kuliko ya Jumatatu, kama taa inaweza kuzidi kuwa nyekundu.

"Mama, kweli ulipaka mafuta?"

"Nilipaka," nikasema, na sikudanganya. Nilipaka.

Kwenye ngazi za ubalozi Bwana Stoo akainamisha pua yake karibu na bega langu.

"Dada, mbona unanuka bwawa la kuogelea?"

Nikaificha mikono yangu nyuma.

"Dada."

"Kulikuwa na duara la njano kwenye sinki."

Nilisubiri anicheke. Ningekuwa mimi, ningemcheka hadi mpakani. Yeye alivua kofia, akaitazama ndani kama anayetafuta maneno humo, kisha akasema taratibu, "Una mtoto kule, dada."

Basi. Nikakaa kwenye ngazi, mimi mwenye diploma, nikaiweka mikono yangu mapajani na kuitazama. Ilikuwa safi mno.

"Kuanzia sasa," akasema Bwana Stoo, "msimamizi ni mimi."

Alinipeleka chumbani, akanipaka mafuta ya mgando mpaka vifundoni, akanivalisha soksi zake mpya, ndefu, za kijivu, akazifunga kwa kamba kwenye viwiko vya mikono. Kisha akamwita mama mwenye nyumba na kumwomba aondoe ndoo, brashi, hata kile kitambaa cha dirishani.

"Kwani huyu ni mgonjwa?" akauliza mama mwenye nyumba.

"Ndiyo, mama. Anaumwa usafi."

Mama yule akachungulia bafuni. "Huo ugonjwa hauambukizi? Maana nina wahudumu wawili, wazima kabisa."

Siku ile na iliyofuata niliishi kama boga. Sikufungua mlango, sikufungua chupa, nikala kwa kijiko nilichokibana kwa ngumi mbili. Bwana Stoo alinimenyea chungwa. Alitoa maganda, halafu akaanza kutoa zile nyuzi nyeupe, mmoja mmoja, akiwa katikati ya simulizi ya blanketi lililopotea stoo na kuonekana tena. Nilitaka kumzaba soksi. Nikala chungwa. Lilikuwa tamu, na sikukumbuka mara ya mwisho mtu kunimenyea kitu.

Alhamisi binti yangu akapiga. Bwana Stoo akanishikia simu sikioni.

"Mama, nimefua sare zangu mwenyewe."

"Kwa sabuni gani?"

"Ya vyombo."

Nikafumba macho. "Vizuri, mwanangu."

Hakuwa amezoea kusikia "vizuri" bila "lakini".

"Mama, wamekukataa?"

"Nani kakwambia?"

"Umesema vizuri." Akavuta pumzi. "Wakikukataa, mimi nitakuja huko, au nitabaki hapa?"

Mimi ni mtu wa majibu. Muulizeni yeyote. Nikazitazama soksi.

"Nakaa tu, mwanangu," nikasema. "Nimekaa, sishiki chochote. Ndiyo kazi niliyopewa."

"Wewe? Umekaa?" akasema, na nikamsikia ameogopa zaidi.

Ijumaa dirishani Bwana Stoo mwenyewe ndiye aliyenifungua zile kamba. Watu kwenye foleni waliangalia. Waangalie. Binti wa dirishani alifuta kioo, akaniambia nipulizie vidole pumzi ya joto, niviweke bila kubonyeza, kama ninayemgusa mtoto aliyelala.

Vidole vinne vya kulia: kijani. Vya kushoto: mashine ikafikiri, ikafikiri, kijani. Vikabaki vidole gumba. Cha kushoto kikapita. Cha kulia ndicho ninachosugulia kola. Nikakiweka. Hakuna taa. Nyuma yangu Bwana Stoo aliacha kupumua, na yeye huwa anasikika akipumua.

Kijani.

"Haya, mama!" Binti akacheka. "Safari hii umefanya nini?"

"Sijafanya chochote," nikasema. Naamini ni mara ya kwanza kutoa jibu hilo likiwa la kweli.

Mchana wakanigongea viza. Pale mpakani nako tulisikia kuna mashine, kwa hiyo nilirudi kwenye soksi. Ndani ya basi mtoto wa kiti cha mbele alimwaga maziwa yakatiririka hadi miguuni pangu. Nikaikalia mikono yangu. Bwana Stoo alinitazama jinsi mtu anavyomtazama mbwa aliyejifunza kusubiri, akanipa kipande cha chungwa.

Jumamosi alasiri nikagonga mlango wa msusi kwa kiwiko. Binti yangu akafungua, akatazama uso wangu, akatazama soksi.

"Mama! Nani kakufunga?"

"Serikali. Nifungue."

Akafungua kamba zile kwa meno. Nikamshika mashavu. Nywele zake zilikuwa za rangi moja, nashukuru. Akabaki hapo hapo amesimama, akaweka mkono wake juu ya wangu, akakunja uso.

"Laini," akasema. "Kama ya mama wa mtu mwingine."

"Wako huyu huyu. Ifaidi mpaka kesho."

Tukaenda kwetu. Aliegemea kiganja changu njia nzima, jambo ambalo alikuwa ameshaliacha, nami nikatembea kwa mwendo wa Bwana Stoo. Mlangoni nikasikia harufu.

"Sufuria imeungua lini?"

"Jumanne, nilipokuja kujipikia," akasema, akakimbilia sinki kabla yangu. "Kaa, mama. Ni yangu."

Nikakaa. Aliisugua vibaya, akaacha weusi pembeni pote. Nikavikalia vidole vyangu.