Gauni Jekundu na Kiingereza cha Bandi

Bibi fundi cherehani alikuwa na mjukuu mmoja tu, na mjukuu mwenyewe alizaliwa ughaibuni, hajui lugha nyingine ila Kiingereza. Kila Jumapili simu ikilia na uso wa kitoto ukijaa kwenye kioo, bibi wa watu husema "Hello," kisha "Fine," kisha humtupia mumewe simu kama kaa la moto. Mzee naye Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini hakuwa na haya. Alikivunjavunja, mtoto akicheka mpaka machozi.

Si kwamba fundi hakujifunza. Alijifunza mno! Mdogo wake, mwalimu mstaafu, alikuwa hakai dukani pake dakika mbili bila kuulizwa. Kwa nini "go" ikifika jana inageuka "went", kama mdaiwa aliyebadili jina? Hiyo "the" inaingia wapi, inatoka wapi? Mbona sisi "yeye" ni mmoja, wao wakamgawa mwanamke na mwanamume? Kwake sentensi ilikuwa kitambaa cha mteja, ukikata vibaya umeharibu. Basi alipima, akapima tena, asikate.

Jumamosi moja ukaja ujumbe wa mwanawe: "Mama, mtoto ananiuliza, eti bibi hanipendi?"

Fundi aliweka mkasi chini. Iliuma, tena iliuma vibaya.

"Kesho nimwambie nini?" alimuuliza mdogo wake. "Ni 'I miss you' au 'I have missed you'? Nisije nikaharibu kabisa."

"Dada, hilo gauni ulilovaa ulilianza na cherehani?"

"Wee! Nililipiga bandi kwanza, kwa mkono. Lingekataa, ningefumua."

"Na maneno yapige bandi, basi. Nani atakukamata?"

Fundi alisonya, maana kushindwa hoja na mdogo wako ndani ya duka lako si jambo dogo. Lakini siku hiyo alifunga mapema, akapitia sokoni.

Jumapili simu ikalia. Mzee alikuwa keshanyoosha mkono. Fundi hakumpa.

"I... go market," alisema, jasho likimtoka. "I buy cloth. Red. For you. Dress."

Mtoto, kwa upole wa mwalimu wa chekechea, akamwambia si "go", ni "went". Halafu akauliza kama gauni ni lake kweli.

"Yes! I went! For you!"

Mtoto akaanza kurukaruka.

"Stand," fundi aliamuru. "Turn."

Mtoto akasimama, akageuka taratibu, naye bibi akampima mabega kwa macho. Alikuwa amerefuka! Amerefuka Jumapili zote zile bibi alizokuwa akiikimbia simu. Machozi yakamlenga fundi.

"Haya, lete nami nimsalimie," mzee alisema, mkono bado uko hewani.

"Ngoja zamu yako," fundi alimjibu bila kugeuka. "Sijamaliza kukosea."