Kichwa Kitupu

...na kiatu cha pili bado kimo mkononi, raba ya mtumba aliyoinunua Kibiti, kisigino kimelika upande mmoja, na Zuhra ameketi kizingitini akiwasikia uani mumewe Abubakary na mamaye, Bi Mwanamina, wanaongea kana kwamba yeye hana masikio, “Mpunga hapandi, mchi hashiki, mwanangu, umeoa mke au umeoa mkeka?” na maneno hayo yanauma, ingawa kipi kisichouma, mabega, nyonga, hata ngozi chini ya kanga, mwaka wa tatu huu, kombe la aya amekunywa, amepungwa jini lisitoke kwa kuwa halikuwamo, mpaka hospitalini Mchukwi, muuguzi Consolatha, mtu wa bara, alipomwambia, “Mama, damu yako safi, mifupa mizima, na maumivu yako ni ya kweli, dawa yake utembee kwa haraka, bila mzigo, moyo uende mbio, kwanza utaumia zaidi, usiache,” ya kweli, neno hilo alilia nalo ndani ya boti hadi hapa kwao Mbwera... lakini Consolatha angejuaje kwamba hapa mwanamke apitaye mbio kichwa kitupu, bila mzigo, amebeba habari ya kifo, jana, siku yake ya kwanza ya kutembea hivyo, wanawake waliweka michi chini, wakajifunga kanga viunoni, wakamfuata hadi hapa wakiomboleza, “Nani jamani, nani?” wakamkuta Bi Mwanamina anachagua mchele, “Umenizika na roho yangu, we mwana!”... na sasa, “Akitoka tena vile, mrudishe kwao Ngorongo,” na Abubakary anakohoa, “Nimesikia, mama,” amesikia, basi, hakukataa, kwao Ngorongo ambako hakuna wa kumpokea ila kaburi la babake, mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyekuwa akiwasimulia habari za yule mtume ambaye maradhi yalimla hata jamaa wakamkimbia, hakuambiwa alale, wanangu, aliambiwa aupige mguu wake chini, na hapo baba aligonga sakafu kwa fimbo, akaongeza, mguu wake mwenyewe, ule ule unaouma, ndipo maji ya kumponya yakatoka... wacha wanawake walie basi, wajifunge kanga, wafuate, miaka mitatu amelala humu kama maiti aliyekwisha kuoshwa na hakuna hata mmoja aliyekuja kuhani msiba... kiatu bado kimo mkononi, uani Bi Mwanamina anaendelea, na vidole vya Zuhra, vinavyouma, vinaanza kulegeza kamba ili mguu uingie.