Radi ya Lufira Warudi Kikula

Joachim alifanya kazi miaka ishirini na tatu kwenye mashine ya kuponda mawe ya shaba, katika kiwanda kimoja cha Likasi, na mashine ile ikamla masikio polepole. Mwanzo alilaumu simu, akisema mtandao ni mbaya. Baadaye akaacha kupokea simu kabisa. Kazini hakumwambia mtu, maana mwenzake aliyekwenda kulalamika kwa daktari alirudishwa nyumbani kabla mwezi haujaisha. Nyumbani nako alinyamaza. Mke wake, Marlène, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye sauti ya kufika dawati la nyuma, na alizoea kumtazama mtu usoni anapozungumza naye. Joachim alisoma midomo yake. Yaliyompita aliyajibu kwa kuguna.

Mwezi wa sita binti yao Jessy, aliyeolewa Lubumbashi, akawatumia tikiti mbili. Radi ya Lufira walikuwa wanakuja kupiga muziki mtaa wa Kikula, pale pale Likasi, Jumapili mchana.

Hao walikuwa vijana wanne wa Likasi waliopiga muziki wa roki wakati mji mzima ulikuwa unacheza rumba. Joachim, katika ujana wake, aliwabebea spika, na nyimbo zao zote alizijua kwa moyo. Ule alioupenda kuliko zote ulikuwa na mahali ambapo magitaa yananyamaza ghafula, umati unapaza sauti, "Carlos, piga!", ndipo Carlos anaziangukia ngoma kwa mikono na miguu. Kisha wakahamia Lubumbashi, na miaka kumi na tisa ikapita hawajarudi.

Alizipokea tikiti zile kwa tumaini ambalo hakulisema. Magitaa yale yalikuwa yakitikisa mabati ya Kikula nzima. Kama kuna sauti itakayomfikia, alijiambia, ni hiyo.

Walifika mapema, wakasimama mbele kabisa, karibu na spika kubwa. Elie, mwimbaji, ambaye sasa nywele zake zilikuwa zimeingia mvi, alipogusa nyuzi za kwanza, Joachim alipata pigo kifuani. Akaungoja wimbo uje. Haukuja. Ulikuja mngurumo mmoja mzito, usio na mwanzo wala maneno, na aliutambua mara moja: ni ule ule wa mashine yake. Aliitafuta midomo ya Elie, maikrofoni iliifunika. Pembeni yake Marlène alicheza na kucheka, naye akacheka kila alipomwona anacheka. Nyimbo zikapita, hakujua hata mmoja.

Basi akafumba macho. Humo ndani ya kichwa nyimbo zilikuwa bado nzima. Aliuanza ule aupendao, kwa sauti ya Elie ya ujana, gitaa moja likiingia baada ya jingine, na alipokaribia pale pa kunyamaza, mngurumo kifuani mwake ukakatika. Alitaka kulia kwa furaha. Kumbe walikuwa pamoja, yeye na wao, katika wimbo mmoja. Akainua mikono yote miwili, akapaza sauti kwa nguvu zake zote.

"Carlos, piga!"

Akarudia. Mara ya tatu Marlène alimshika mkono.

Alipofumbua macho aliona vichwa vimeinama, na vingine vimegeuka kumtazama. Elie alikuwa amevua kofia. Mpiga ngoma, ambaye Joachim hakuwa amemwona vizuri, alikuwa amesimama wima: kijana asiyemjua. Na katikati ya jukwaa alisimama Adrienne, dada yake Carlos, amevaa nguo nyeusi, ameshika picha ya kaka yake kifuani. Carlos alikuwa amefariki Lubumbashi mwezi uliopita. Elie alikuwa ametoka kulisema hilo sasa hivi, akaomba dakika moja ya ukimya.

Walinzi walimtoa wakidhani amelewa. Hakubishana nao.

Njiani alitangulia. Marlène alimwita kwa nyuma mara mbili, kwa sauti yake ya darasani, naye akaendelea kutembea tu. Hapo mkewe akaelewa. Akakimbia, akasimama mbele yake.

"Hauko nasikia," alisema.

"Hapana."

"Tangu wakati gani?"

"Miaka tatu. Pengine ine."

Marlène akauliza taratibu, "Na ile nilikuwa nakuambia kwenye kitanda, saa taa imezimika? Ya mama yangu. Ya ule mutoto tulipoteza. Ulikuwa nasikia?"

Joachim angeweza kudanganya. Alikuwa amezoea.

"Hapana, Mama Jessy. Nilikuwa najibu tu."



Daktari wa Lubumbashi aliandika kwenye karatasi kwamba kilichokufa ndani ya sikio hakirudi. Mwezi wa nane kiwanda kikamwachisha kazi. Joachim aliona limebaki jambo moja analoliweza, kuomba msamaha, na Marlène akamsindikiza mpaka kwa Adrienne, mtaa wa Panda. Adrienne aliwapa viti. Joachim akasema maneno aliyoyaandaa tangu asubuhi. Adrienne alimjibu kwa kirefu, ameinamisha uso, analia, kitambaa mdomoni, na Joachim hakupata hata neno moja. Kumwambia mfiwa arudie aliona aibu. Akatikisa kichwa kukubali, akatikisa tena.

Nje akamwuliza mkewe kama wamesamehewa. Marlène alijibu huku anatazama njia. Joachim aliona shavu lake tu likicheza, midomo hakuiona. Hakumwomba ageuke.