Chura wa Nyuma ya Kalenda

Kalenda yenyewe ilikuwa ya mwaka 1996, ya kampuni ya samaki iliyokwisha kufa zamani, na Mwalimu Matrida hakuwahi kuitazamia tarehe. Mumewe, Abednego, ndiye aliyeileta nyumbani Kiriba mwaka ulipokwisha, akaigeuza, akachora chura nyuma ya kila mwezi. Karatasi kubwa namna ile, nyeupe na ngumu, ungeipata wapi kijijini? Shule ya awali ilikuwa na chaki nusu boksi na watoto hamsini na wawili, na Matrida alikuwa amelalamika nyumbani mpaka mwanaume wa watu akaona heri achore apate kupumzika.

Abednego alikuwa mtengeneza nyavu, si mchoraji. Vidole vya chura vilimshinda kabisa, kwa hiyo alimvalisha mabuti ya mvua tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho. Chura mwenye mabuti, mlafi kupindukia, anaingia nyumba za watu kudoea uji, anatumbukia chunguni, anafukuzwa kwa mwiko. Ndiyo hadithi yote. Matrida alisimama mbele ya darasa akaiinua kalenda mpaka chini ya kidevu, picha kwa watoto, miezi kwake, na kila alipopindua karatasi watoto walicheka hadi wengine wakajikojolea. Walicheka hivyo miaka kumi na tisa, kila kundi jipya likaja likacheka lile lile. Hata leo watu wazima wenye maduka yao Musoma mjini wakimwona husema, "Shikamoo, Mwalimu Chura," naye huitikia kwa maringo.

Aliyapenda mno maisha yale. Aliipenda harufu ya uji wa mtama ukipikwa nje ya darasa, na vile vichwa vilivyonyolewa vikimtazama vyote kwa pamoja. Tangu astaafu hakuna kilichoziba nafasi hiyo. Abednego naye alifariki miaka sita iliyopita, na mchwa wakaanza kuitafuna kalenda pembeni.

Kwa hiyo ofisi moja ya vitabu vya watoto pale Musoma ilipompigia simu kwamba wanataka kuichapa hadithi yake, isomwe katika shule za awali Mara nzima, Matrida hakulala kwa furaha. Furaha ilimwishia ofisini. Dorah, msimamizi wa kazi, alimfungulia kompyuta, na humo akaonekana chura wa kijani kibichi, vidole vyote vimetimia, anang'aa utadhani ametoka kuogeshwa.

"Kazi ya Prosper huyu," Dorah alisema, akimwonyesha kijana mwenye miwani aliyekaa meza ya pili. "Hapa kwenye fomu tumeandika hadithi ni yako, picha zinachorwa upya. Unasaini tu, Mama."

"Na za Abednego?"

"Zimefifia, Mama. Halafu yule chura hana hata miguu, ana mabuti! Wakubwa wetu wanatakaga picha safi. Hizo za mzee utakaa nazo nyumbani, ziwe kumbukumbu."

Matrida aliitazama ile fomu kwa hasira asiyoweza kuisema. Mumewe hakuacha barua wala picha ya maana. Alichoacha cha mkono wake ni chura kumi na wawili. Akisaini, mkono ule umekwisha. Asiposaini, watoto wa Mara hawapati kitabu, na yeye aliyewahi kufundisha bila kitabu alijua hiyo ni dhambi ya namna gani. Mwishowe aliomba jambo moja tu, awasomee watoto kalenda yake mara ya mwisho, ndipo asaini. Dorah akakubali. Alhamisi walikuwa na safari ya kwenda Bunda kuzijaribu picha mpya kwenye chekechea moja ya Manyamanyama, basi wangekwenda wote.

Prosper alisoma kwanza. Watoto walikaa wametulia kwenye mkeka, wakapiga makofi mwalimu wao alipowaambia wapige, na mmoja akasema chura ni mzuri. Dorah akaandika kitu kwenye daftari. Matrida akajisikia mzee.

Zamu yake ilipofika alisimama alivyosimama siku zote, kalenda chini ya kidevu. "Hapo zamani za uji," alianza, "palikuwa na chura mwenye njaa isiyo na adabu." Hakuwahi kusoma bila kuigiza, njaa ikitajwa alitoa macho, ulafi ukitajwa alipanua mdomo. Watoto waliitazama picha. Kisha wakamtazama yeye usoni. Wakarudi kwenye picha. Kicheko kikaanzia pembeni, kikashika mkeka mzima, na chura alipotumbukia chunguni kulikuwa na watoto wamelala chali wakirusha miguu. Matrida alihisi miaka imemrudia. Ndipo alipomwona Prosper ameziba mdomo na mabega yanamtikisika.

Binti mdogo aliyekaa mbele, Naomi, akanyoosha kidole. "Bibi, huyo chura ni wewe!"

"Naomi! Adabu!" mwalimu wake akang'aka.

"Lakini ni yeye! Angalia!"

Prosper, aibu imemjaa, alimsogelea Matrida na kumpa simu yake. "Samahani, Mwalimu. Nilipiga picha ya kumbukumbu."

Matrida aliivaa miwani. Kwenye simu kulikuwa na nyuso mbili, moja juu ya nyingine, zote zimetoa macho, mdomo umepanuliwa mpaka masikioni, kichwa kimeinamia kushoto, na katikati ya meno ya juu pengo lile lile. Mwanamke aliyeishika kalenda ile miaka yote alikuwa anaona Januari na Februari tu. Picha alizijua, moja moja, juu ya meza. Uso wake juu ya picha hizo hakuwahi kuuona. Walijua watoto wote wa Kiriba, na nani kati yao angethubutu kumwambia mwalimu mwenye fimbo?

"Abednego," alisema taratibu. "Mshenzi wewe."

Dorah alianza kumpa pole. Matrida akamkatiza. "Fomu iko wapi? Andika picha zinabaki zilivyo, na mabuti yake. La sivyo sisaini."

"Mama, nilikuambiaga wakubwa..."

"Dada Dorah," Prosper aliingilia, "mimi nimechora chura mzuri. Yule mzee alichora mtu anayempenda. Mimi nitazisafisha tu, zitokee vizuri." Dorah alitazama watoto waliokuwa bado wanaigiza mdomo wa chura, akavuta pumzi, akaufuta mstari wa picha kwa kalamu na kuandika upya pembeni. Matrida akasaini.

Alirudi Kiriba siku hiyo hiyo, jua likiwa bado kali. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kaburi la mumewe, pembeni mwa mihogo, akasimama mikono kiunoni.

"Baba Nyamhanga! Miaka kumi na tisa umenifanya chura mbele ya watoto wa watu!"

Alikusudia kumgombeza sana, lakini maneno hayakuja. Zilimjia jioni zile, yeye anachambua dagaa, Abednego ana penseli, anamtazama, anachora mstari, anamtazama tena. Alikuwa akidhani ni mapenzi. Na yalikuwa mapenzi, alijua sasa, pamoja na utundu wake ndani. Akaketi kwenye majani, akacheka huku machozi yakimtiririka hadi shingoni.

Jirani yake Pelagia, aliyekuwa akipita na ndoo ya maji, alishtuka akaitua. "Mama Nyamhanga, kuna nini?"

"Si huyu mume wangu," Matrida alisema, akijifuta kwa khanga. "Ananichekesha."