Tunacho, Bwana

Mwaka ule chifu alitoa amri: kila boma lichimbe choo. Asiye nacho, mbuzi wake wanaswagwa. Mbuzi wa Onsongo walikwenda hivyo, na mkewe Bonareri akalishika neno "choo" kuliko maneno yote machache ya Kiswahili aliyoyajua. Zamani mtu aliingia migombani akarudi kimya, hakuna aliyeuliza. Sasa Onsongo alichimba shimo, akalizungushia mabua.

Msimu wa kupalilia wimbi, binti yao Kemuma alishikwa na tumbo. Likavimba, likakaza kama ngoma. Bonareri akambeba mgongoni hadi zahanati, wakalazwa sakafuni, juu ya mkeka.

Asubuhi dresa, mtibabu wa zahanati, alipita mbio mbio. Alikuwa mtu wa mbali, Kigusii cha kina Bonareri hajui.

"Mama, mtoto amepata choo?"

Bonareri alishtuka. Hata huku watu wa chifu wametufuata?

"Ndiyo, bwana. Tunacho. Kipya."

Dresa alisikia ile ndiyo tu, maana alikwisha kumgeukia mgonjwa mwingine. Kesho yake aliuliza tena, akajibiwa vilevile.

Aliyegundua ni Batuli, mke wa mwenye duka mjini, aliyekuwa akimuuguza mamake kwenye mkeka wa pili. Alijua Kigusii cha sokoni, akakichanganya na Kiswahili.

"Dada, mbona huyu mtoto hatoki nje? Hajapata choo?"

"Tunacho nyumbani."

Batuli alijishika kichwa. "Sio kibanda! Choo ni kile kinachotoka tumboni. Kibanda kimeitwa jina la mzigo wake!"

Bonareri alichomoka mbio uani akipiga kelele, "Bwana! Choo hana! Hana!" Wagonjwa waliokuwa wakiota jua walicheka hadi wakashika mbavu.

Dresa alikuja, akabonyeza lile tumbo, akaita gari. Gari la kwenda hospitali kubwa lilikuwa limekwama matopeni. Kemuma alikata roho mchana, mkono wake ndani ya kanga ya mamake.

"Lakini nilikuuliza, mama," dresa alisema. "Ukaniambia ndiyo."

Bonareri alimtazama. Alikuwa na mengi ya kumjibu, yote kwa Kigusii.

Miaka ilipita. Siku moja alikuwa sokoni Keumbu akiuza ndizi, Batuli akatokea, akamwinamia kwa furaha, akamsalimu kwa Kiswahili.

"Hujambo, Mama Kemuma?"

Bonareri alielewa kila neno, lakini tangu siku ile ya zahanati hakuwa amemjibu mtu tena kwa Kiswahili. Akageuza uso, akaendelea kupanga ndizi zake.