Jina la Atumani katika Hitima

Kila kaka yangu alipofunga goli, uwanja mzima wa Kindu uliimba jina la mtoto aliyekufa.

"Atu-ma-ni! Atu-ma-ni!"

Mama alilisikia redioni, nyumbani kwetu Kasongo, akiwa anapepeta mchele. Alinyoosha mkono akaizima redio. Nje majirani waliendelea kushangilia, na yeye akarudi kwenye ungo wake.

Atumani alikuwa mdogo wetu wa mwisho. Alikufa kwa malaria mwaka 2011, akiwa na miaka kumi na mmoja, nyumbani kwa bibi yetu Kabambare. Pikipiki iliyokuwa inamletea dawa ilikwama kwenye tope la barabara ya Wamaza, ikafika siku tulipokuwa tunarudi kutoka makaburini. Huyu anayecheza mpira ni Hemedi, mkubwa wetu. Nitaeleza ilivyokuwa, kwa sababu mkono ulioandika uongo ule ulikuwa wangu.

Mwaka 2015 Prezida Raphaël, mwenye klabu ya Radi ya Kindu, alikuja Kasongo kutafuta vijana. Alimwona Hemedi kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya soko, akiwapita mabeki watatu bila viatu. Siku hiyo hiyo akaja nyumbani. Hemedi alikuwa na miaka kumi na minane, mwembamba, hata ndevu hana. Cheti cha kuzaliwa pia hana: alizaliwa porini upande wa Lusangi, wazazi wakikimbia vita. Nyumbani kulikuwa na cheti kimoja tu, cha Atumani. Baba alikuwa amekihangaikia alipomwandikisha shule.

Prezida alikisoma, akahesabu kwa vidole.

"Huyu iko na miaka kumi na tano. Ndiyo umri tunatafuta."

"Huyo alikufa," baba akasema.

"Basi hana kazi nacho tena, Mzee Moussa. Mutoto mwenye iko hai ndiye anakihitaji."

Nilingoja baba amfukuze. Baba alitazama chini, akamtazama Hemedi, kisha akaniita. "Safia, wewe ndiye unajua kuandika muzuri. Kuja umujazie fishi."

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikaa chini na kalamu ya bluu, nikaijaza fomu ile ya klabu, herufi kwa herufi: Atumani, mwana wa Moussa. Prezida aliusifu mwandiko wangu. Nasikitika kusema kwamba nilifurahi.

Kabla ya kuondoka alitoa masharti. Mama, ambaye tangu uzazi wa kwanza aliitwa Mama Hemedi, sasa aitwe Mama Atumani. Halafu akauliza kama tuna desturi ya hitima. Tunayo. Kila mwezi wa Shaabani, kabla ya kufunga Ramadhani, tunamwita shehe na majirani. Anasomewa Kurani kila marehemu wa ukoo. Majina yao yanaandikwa kwenye karatasi, shehe anayasoma moja moja, na watu wanaitikia amina.

"Hilo jina lisisikike mule," Prezida akasema. "Mutu akisikia Atumani anaombewa, kazi yote imekufa."

Na sisi tukakubali. Shaabani tisa zikapita. Babu aliombewa, shangazi aliombewa, hata mjomba aliyekufa kabla mimi sijazaliwa aliombewa. Atumani hakuombewa. Mtoto alikufa kwa kukosa dawa, kisha akanyang'anywa hata dua, ili klabu ipate mshambuliaji. Na mtaa mzima ulijua! Watu waliomwona Hemedi akitambaa waliwafinya watoto wao waliposahau na kumwita Hemedi mbele ya wageni. Walisema ni fahari ya Kasongo. Nimejaribu kuwachukia nikashindwa, kwa sababu na mimi nilinyamaza.

Hemedi alinipigia simu mara nyingi kutoka kambini. Wanalala sita chumba kimoja. Asubuhi wanakimbia kando ya mto mpaka mate yanakauka mdomoni. Kabla ya mechi kubwa anadungwa sindano ya goti ili asisikie maumivu hadi kipenga cha mwisho. Usiku wake ndio goti linadai haki yake.

"Munganga wa klabu ananiambia, kwa umri wako hili goti lingepona juma moja," alisema siku moja, akicheka bila furaha. "Nitamujibu nini, Safia? Goti iko na umri wangu, haina umri wa Atumani."

Mjini watu walimzunguka kupiga naye picha. Kinyozi wake alitundika sura yake ukutani. Kulikuwa na msichana, Cadette, aliyempenda kweli, na nilidhani atakuwa wifi yangu. Waliachana.

"Alikuwa ananiita Atu," Hemedi aliniambia. "Kila akiniita, naona kama mudogo wangu amekaa katikati yetu."

Ndiyo maana hakuwa akishangilia mabao yake. Wenzake wakifunga hukimbia, huvua jezi, hucheza. Yeye aliokota mpira wavuni akaurudisha katikati ya uwanja, kichwa chini. Mtangazaji mmoja alisema Atumani anafunga kama mtu anayelipa faini. Watu walicheka sana. Walidhani ni majivuno.

Mwaka huu baba alifariki. Alipokuwa anazidiwa alimshika Hemedi mkono, akataka kusema kitu, akashindwa. Arobaini yake, ambayo nayo husomwa hitima, iliangukia juma lile lile ambalo klabu moja ya nje ilikuwa inamtaka Hemedi. Walitaka mchezaji asiyezidi miaka ishirini na minne. Kwenye cheti alikuwa na ishirini na minne kamili. Ukweli, alikuwa na ishirini na saba, na goti lake lilikuwa na nafasi hii tu. Nyingine isingepatikana.

Prezida Raphaël alikuja kwenye arobaini hiyo na mpiga picha. Alitaka video ya mchezaji akiomboleza na familia yake, awapelekee wale wa nje waone kijana mwenye adabu.

"Mama Atumani, pole sana," alisema mlangoni.

"Asante," mama akajibu, akaendelea kukoroga sombe, mboga ya majani ya mihogo.

"Nani anaandika majina ya marehemu?"

"Mimi," nikasema.

"Ah, Safia! Mwanasheria wetu! Bado uko na ule mukono muzuri? Andika vile tulizoea."

Nilikuwa nimemaliza chuo miezi mitatu tu kabla ya hapo. Miaka mitano nilijifunza sheria, nikaandika kurasa na kurasa juu ya haki ya mtu kuwa na jina lake. Nilimwangalia mama. Alimwita Hemedi karibu na moto, nikamsikia.

"Mwanangu, kuna kitu ningekuomba. Lakini nikiomba nitakuharibia maisha. Kwa hiyo siombi."

Nilichukua karatasi nikaandika majina kumi na moja, la baba juu kabisa. La Atumani sikuliandika. Mkono ule ule. Niliikunja karatasi nikampa Shehe Djafari, na nilitamani ardhi inifunike.

Baada ya sala ya adhuhuri watu walijaa uani. Wanaume walikaa mikekani, wanawake tulikuwa nyuma ya pazia la kitenge. Prezida alikaa mstari wa mbele, na mpiga picha aliinama mbele ya Hemedi. Walisoma Yasini. Shehe akafungua karatasi, akaanza.

"Moussa, mwana wa Hemedi." Kaka yangu alirithi jina la babu.

"Amina."

Jina, amina. Jina, amina. Niliyahesabu yote kumi na moja. Shehe aliinua mikono kufunga dua, na hapo nikasikia sauti ya kaka yangu.

"Shehe, bado mumoja."

Shehe alitazama karatasi. "Huku yamekwisha."

"Hayajakwisha. Kuna Atumani, mwana wa Moussa. Mudogo wangu. Alikufa Kabambare, akiwa na miaka kumi na mumoja."

Prezida aliweka kiganja kwenye kioo cha kamera. "Zima! Zima hiyo!"

Nilichungulia kando ya pazia nikamwona Shehe Djafari, mtu aliyemfundisha Atumani alifu na bee, akiikunja ile karatasi. Kisha akasoma, kwa sauti kubwa kuliko alivyosoma majina yote.

"Atumani, mwana wa Moussa."

Amina ile sijapata kuisikia tena. Ilikuwa kama ya watu walioibana kifuani miaka tisa. Kando yangu mama alifunika uso kwa leso yake, akalia kama siku ya mazishi.

Prezida alimkamata Hemedi mkono mbele ya mlango.

"Unajua umefanya nini?"

"Nimemuombea mudogo wangu."

"Umezika kontra ya ile klabu ya nje! Umejizika wewe! Nitawaambia mulinidanganya. Familia nzima ya waongo!"

"Uwaambie, Prezida. Na uwaambie pia nani alihesabu kwa vidole."

"Mutu wa bure wewe! Bila miye ungekuwa unachimba dhahabu mu shimo!"

Mama alitoka, macho mekundu, mwiko mkononi. "Prezida, chakula iko tayari. Kula kwanza, halafu uende kusema vile unataka. Lakini kuanzia leo, miye ni Mama Hemedi."

Prezida aliondoka bila kuonja hata punje. Kwetu, kuondoka hitimani bila kuonja ni tusi, na watu waliguna. Jirani yetu Zacharie, Mkatoliki mnunuzi wa dhahabu ambaye hajawahi kukosa hitima yetu hata moja, alivuta sinia karibu.

"Mumuache aende. Sahani yake nitaikula miye."

Ndipo watu wakapata kucheka.

Barua ya wakubwa wa mpira ilifika baada ya miezi miwili. Hemedi amefungiwa miaka miwili kwa udanganyifu. Niliisoma mara tatu nikitafuta jina la Prezida Raphaël. Halimo. Juma hilo hilo nilimsikia redioni akizungumzia malezi ya vijana, na mtangazaji akimshukuru kwa moyo wake wa mzazi! Mchezaji aliyepokonywa jina ndiye mwongo. Aliyelipokonya anaalikwa kutoa mafunzo.

Nimewajibu. Nimeandika kwa mwandiko ule ule mzuri: fishi hii niliijaza mimi, Safia, binti wa Moussa, mbele ya Prezida Raphaël, naye alijua kwamba mwenye cheti amekufa. Shehe Djafari ametia sahihi, na Zacharie, na nyumba kumi na nne za mtaa wetu, wote waliokuwa wakiwafinya watoto. Barua imekwenda Kindu kwa pikipiki. Wasipojibu nitaandika nyingine. Naamini kuna mtu mmoja katika ofisi ile ambaye ataisoma hadi mwisho.

Jumamosi iliyopita Hemedi alicheza kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya soko, na vijana wa mtaa. Mama alikuja, akakaa kwenye kigoda chake. Hakuwa amemwona akicheza tangu aende Kindu. Mpira ulimfikia Hemedi peke yake mbele ya goli, akaupiga ukapaa mpaka kwenye mihogo.

"Hemedi!" watu walipiga kelele. "Hemedi weee! Hata bibi yangu angefunga!"

Na yeye akacheka. Aliinama, mikono magotini, akacheka mpaka machozi.

"Mama Hemedi," Zacharie akamtania mama, "umeona mwana wako amekosa?"

"Muache akose," mama akasema. "Miaka tisa alifunga bila kucheka."