Film ya Depot ya Pamba

Wakubwa hawakimbii kama sisi. Sisi tunakimbia na sufuria kichwani na kuku kwapani, kila muntu anatuona. Wao wanatuwekea kwanza kitu cha kuangalia.

Mwaka ule wa uasi, mke wangu Generose alikuwa na mimba ya kwanza. Miguu ilivimba mpaka akawa anavaa viatu vyangu. Mukunga alimpapasa tumbo akasema mtoto amelala vibaya, huyu anahitaji docteur wa kupasua. Lakini docteur wa Uvira alikimbia siku waasi wa Simba walipoingia mjini. Hospitali ya Lemera iko juu milimani, kwa miguu ile hangefika. Ilibaki kuvuka ziwa mpaka Bujumbura, na boti ya motere ilikuwa moja tu, mikononi mwa commandant wa Simba. Na commandant alikuwa Gaspard, kaka yake Generose, wa tumbo moja. Kabla hajavaa ngozi ya chui kichwani, alikuwa anakula wali wetu wa Luberizi na kulamba vidole.

"Shemeki," akaniambia, "kiti cha dada yangu kiko. Leo mchana tunaonyesha batu film. Ikiisha tu, ninamupandisha mu boti minye mwenyewe."

"Kwa nini si sasa?"

"Weye unapenda baseme commandant anavusha familia yake, na wao bamebaki hapa? Ngoja film."

Jeshi la serikali lilikuwa limekwisha kupita Kamanyola, linakuja kwetu. Sisi hatukujua. Yeye alijua.

Tuliingia depot ya pamba, ghala ambalo madirisha yake yamezibwa na magunia ili jua lisiingie. Mbele walitundika shuka jeupe. Nyuma, karibu na mlango, Basile, aliyekuwa akionyesha sinema tangu enzi ya Wabeleji, aliweka mashine yake, na motere ya umeme ikanguruma nje. Gaspard akasimama mbele ya shuka.

"Mutaona muji mukubwa, na mwanaume mwenye dawa kama yetu. Haiko picha ya kuchora! Ni batu ba nyama na damu. Mashine inakamata kile kiko. Lakini sheria ni ile ya vita: hakuna kugeuza kichwa nyuma. Mumoja akigeuka, dawa inatoka kwa bote. Mumesikia?"

"Maji!" tukaitika, kama askari wake walioamini dawa yao inageuza risasi kuwa maji.

Léocadie, mama muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa, akapaza sauti: "Na mwenye kusinzia?"

"Asinzie anaangalia mbele!"

Tukacheka. Gaspard akapita katikati yetu kwenda nyuma, akamgusa Generose begani. Akamgusa kabisa, kwa mkono wake mwenyewe.

Film ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Majumba yamepandana hadi mawinguni, magari yanapita kama siafu. Mwanaume mwembamba mwenye koti alikunywa kichupa, akaanza kutembea katikati ya barabara. Magari yalipita ndani ya mwili wake kama ndani ya moshi. Polisi wakampiga risasi, risasi zikawa mvua na kumlowesha kofia tu. Naye anaenda mbele, hageuki. Depot nzima ilipiga kelele. Generose alicheka mpaka akashika tumbo.

Ndipo nikasikia motere nyingine. Si ya umeme. Sauti ilitoka upande wa ziwa, ikikohoa, kisha ikashika. Nikataka kugeuka.

Generose akanishika kidevu kwa vidole vyake viwili.

"Mume wangu, acha."

"Ile ni boti."

"Wanaipasha moto. Gaspard alisema tungoje. Weye unataka kutuuwa sisi bote?"

Akaendelea kunishika hivyo, mkono una joto. Sikugeuka.

Kisha picha ikakatika. Shuka likabaki na mwanga mweupe mtupu, na mashine ikawa inapiga tap, tap, tap. Hakuna aliyetikisika. Tuliangalia ule weupe kwa muda mrefu, kila mmoja anafikiri pengine dawa imefika penyewe. Mwishowe Léocadie akasema, "Minye shingo inaniuma, na dawa ife!" Akageuka.

"Eh! Nyuma hakuna muntu!"

Hakuna Basile, hakuna commandant, hakuna hata mlinzi mmoja. Tulikimbia ufukoni. Boti ilikuwa mbali, ndogo kama kiatu. Generose aliita jina la kaka yake mpaka sauti ikakauka.

Mlio wa bunduki ulipoanza upande wa kaskazini, tulishika njia ya milimani kuelekea Lemera, kwenye hospitali. Kila tulipofika kwenye kona, alisimama akageuza kichwa kuangalia ziwa.

"Labda anarudisha boti," alisema.

Uchungu ulimkamata kwenye njia ya ng'ombe. Lemera hatukufika. Niliwazika pamoja, yeye na mtoto, amevaa viatu vyangu.

Gaspard alirudi. Alisamehewa, wakubwa wanasameheana wao kwa wao, akapewa ofisi na gari. Sikukuu ya uhuru mwaka huu ametuletea film bure kwenye sale mpya ya sinema, naye amekaa nyuma kabisa na wageni wake, karibu na mlango.

Minye nilienda. Nilichukua kiti cha mbele, nikakigeuza, nikakaa mgongo kwa shuka, macho kwake. Vijana wakacheka.

"Mzee Ndihokubwayo, film iko huku!"

"Niliiona," nikajibu. "Endeleeni. Minye ninaangalia mlango."

Gaspard akaniona. Mwanga wa mashine ulimpita juu ya kichwa, akatoa kitambaa akajipangusa uso. Hakuweza kusimama hata kwenda kukojoa, mpaka film ilipoisha.